Mtu wa Tano

Kama umewahi kulea mtoto mtaani kwetu Jabe, basi Léocadie amemchoma mwanao sindano. Wanangu wote watatu wamepita mikononi mwake. Tajudini, kifungua mimba wangu, alikuwa akiona hata sindano yangu ya kushonea anaangua kilio, lakini kwa Léocadie hakuwahi kulia. Alikuwa anamshika mtoto paja, anamwambia, "Angalia kuku ule, anaiba nini kule?" Mtoto akigeuka kumtafuta kuku, Léocadie anasema, "Imeisha." Kuku hakuwepo. Katika ua wa kituo cha afya anakofanya kazi hajawahi kuonekana kuku hata siku moja, ila watoto wa mtaa mzima wamekua wakiamini yupo.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko kibarazani, ng'ambo ya barabara, na lango la kituo liko mbele ya macho yangu kutwa nzima. Watu husema mimi Assia nina mdomo, na sikatai. Lakini haya ninayoyasimulia siyatii chumvi, kwa sababu aliyeumia ni rafiki yangu.

Léocadie alizaliwa Uvira, upande wa Kongo. Alivuka mpaka na mama yake wakati wa vita, akiwa msichana, akasomea uuguzi hapa hapa Bujumbura, akaolewa na Melchior, seremala, Mrundi wa kwao Ruziba. Binti yao mmoja, Nella, ameolewa mbali, kwa hiyo mtaani yeye ni Mama Nella, na kazini ni muganga Léocadie, maana kwetu hata muuguzi huitwa muganga. Melchior alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti nzito ambayo kwaya ya parokia iliitegemea. Tena alikuwa na ugonjwa wa sukari, wa miaka mingi. Mkewe alimpimia chakula kwa macho makali, naye akawa anakuja kula maandazi kibarazani kwangu, mgongo ameupa kituo ili asionekane. Nilikuwa namgombeza, kisha namwongezea chai isiyo na sukari, tunacheka.

Korona ilipoingia mjini, waganga wa kituo walikuja kwangu na vipande vya vitenge niwashonee barakoa, kwa sababu zile za kununuliwa zilikuwa bado hazijawafikia. Nilishona mpaka kiuno kikaniuma. Glavu nazo zilikuwa za kusubiri. Mkunga mmoja wa pale, mwanamke mcheshi sana, aliugua akafa, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuja kuuliza alikuwa nani na ameacha watoto gani. Léocadie alilimeza jambo lile, likamkaa rohoni.

Ndiyo maana chanjo ilipofika, tena ilichelewa, wakati nchi jirani zilikwisha kuchanja watu wao kitambo, na waganga wakaambiwa waanze wao, Léocadie alisimama uani na kikombe chake cha chai akasema maneno yaliyozunguka Jabe yote siku ile ile.

"Glavu zinatufikiaka siye ba mwisho," alisema. "Masque tulienda kushonesha kwa Mama Tajudini. Mwenzetu alikufa, hakuna mutu alikuja. Na leo banasema siye ndiyo ba kwanza? Tangu lini muganga wa Jabe anakuwaka wa kwanza kwa kitu kizuri? Mi apana. Bakubwa baanze bo, mi nitabaangalia kwanza."

Waliomsikia walimpigia makofi. Na ubaya wa maneno yale ni kwamba kila kipande chake kilikuwa kweli. Mtu aliyezoea kuwekwa nyuma siku zote, siku akiitwa mbele anashtuka, anatazama kama kuna shimo. Mimi simcheki kwa hilo.

Aliyeletwa kusimamia chanjo pale kituoni alikuwa Jovithe, msichana Mrundi, muuguzi, mkimya. Yeye alikuwa amekwisha kuchanjwa. Kila asubuhi alikuja na sanduku lake la baridi, anakaa kwenye meza chini ya mabati, na jioni anarudi nalo halijafunguliwa. Chupa moja ya dawa ile ilikuwa ya watu watano. Ukishaifungua, lazima iishe siku hiyo hiyo, la sivyo kinachobaki kinamwagwa, na wakubwa wake walikuwa wamemkataza kumwaga hata tone. Kwa hiyo ukija peke yako, unaambiwa ukae kwenye benchi mpaka mfike watano. Msipofika, mnaenda nyumbani.

Na watano hawakufika. Maxime wa maabara alipoulizwa alijibu, "Mama Nella akichanjwa, na mi nitachanjwa." Wenzake wote wakalishika jibu hilo hilo. Akina mama wakawa wanasema, kama mwenye mkono ule anaogopa, basi kuna kitu anakijua. Hata mimi nikiulizwa nilikuwa naonyesha lango la kituo kwa mkasi wangu na kusema, muulizeni muganga wangu.

Sasa sikiliza. Kwaya ya akina Melchior ilimzika mwalimu wao wa nyimbo, korona ilimmaliza ndani ya wiki. Baada ya mazishi, wazee wanne wa sauti ya chini, Melchior, Pierre, Fortunat na Moïse, walikubaliana waende wote wakachanjwe. Siku hiyo mimi nilikuwa Rumonge kwenye harusi ya mpwa wangu. Aliyenisimulia ni Maxime, na Maxime namwamini, maana hana akili ya kutunga uongo.

Walikuja wamevaa mashati yao ya Jumapili. Wakakaa kwenye benchi, lile lile ambalo Melchior mwenyewe alilitengeneza mwaka kituo kilipopakwa rangi. Jovithe akawahesabu.

"Muko wane, bazee. Tunakosa mumoja."

Wakangoja. Maxime aliulizwa, akatoa jibu lake. Jua likapanda. Léocadie akapita na beseni la vyombo, na Melchior akamwita mbele ya watu wote.

"Mama Nella, kuja ukae hapa kidogo. Ukuwe wa tano."

Léocadie akacheka. "Baba Nella, hata we? Nilisema apana, ni apana. Mutafute mutu mwingine."

"Siombi juu yako. Naomba juu yangu. Sukari yangu unaijua."

"Sukari yako naichunga mi mwenyewe. Hii kitu siijui. Zile za batoto nazijua, nimeona batoto banakomaa nazo. Hii, bado."

Uani palikuwa na akina mama na watoto wao, wote wanatazama. Maxime anasema aliona uso wa Léocadie ukibadilika kidogo, kama mtu anayetaka kukaa. Lakini neno lilikuwa limekwisha kumtoka mbele ya mtaa mzima, na kulirudisha mbele ya mtaa ule ule ni kazi nzito. Akaingia ndani na beseni lake. Wazee walikaa mpaka Jovithe alipofunga meza, kisha wakaenda zao. Melchior alipitia kibarazani kwangu, akamkuta binti yangu mdogo, akala andazi.

Haikuchukua muda Melchior akaanza kukohoa. Léocadie alidhani ni vumbi la mbao. Kisha homa ikapanda, kisha pumzi ikawa fupi, na siku walipompakia kwenye taksi mimi ndiye niliyeshika mlango. Alikuwa ametoka jasho shati zima. Alijaribu kunitania kuhusu maandazi, akashindwa kumaliza sentensi.

Hospitali zetu, mgonjwa hulishwa na watu wake. Kwa kuwa Nella alikuwa hajafika, chakula nilipika mimi, uji, wali laini, samaki aliyetolewa miiba, nikawa napeleka mpaka kwenye uzio, kwa sababu wodi ile tulikuwa haturuhusiwi kuingia. Léocadie walimruhusu aingie kwa vile ni wa kazi hiyo. Alikuwa anatoka kupokea termosi, barakoa usoni, macho mekundu.

"Anakula?" nilimuuliza.

"Apana. Anavuta hewa tu. Hiyo ndiyo kazi yake sasa." Akashika vidole vyangu kwenye nondo za uzio. "Chupa ya oksijeni ni moja, na bagonjwa ni bawili. Bakimutolea yeye, mi nahesabu pumzi zake. Bakimurudishia, mi namuona ule mwingine. Mama Tajudini, we unaombaka mara tano kwa siku. Niombee. Mi maombi yangu nimemaliza yote."

Nilimwambia nitaomba. Niliomba kweli, nikalia juu ya mswala, nikamtaja Melchior kwa jina lake la ubatizo kwa sababu sikumjua kwa jina jingine. Sijawahi kumwomba Mungu kitu kwa nguvu kama nilivyoomba pumzi za mzee yule.

Mara ya mwisho nilipokwenda, Léocadie hakupokea termosi. Alikaa chini upande wake wa uzio, nami nikakaa chini upande wangu.

"Amesema leo," aliniambia. "Amenivuta mukono, ameniuliza, 'Tulikuwa wane, apana?' Nikamujibu ndiyo, mulikuwa wane. Akafunga macho. Hakusema kingine. Hajanilaumu, Mama Tajudini. Afazali angenitukana."

"Usijitese hivyo."

"Batoto ba Jabe yote mi nabapataka mushipa mara moja. Leo yake nimeikosa, nikarudia, nikaikosa tena. Angalia."

Akanyoosha mkono wake wa kulia kati ya nondo. Ulikuwa unatetemeka. Nilikuwa sijawahi kuuona mkono ule ukitetemeka, na niliogopa kuliko nilivyoogopa ugonjwa wenyewe.

Melchior alifariki Jumapili, wakati wenzake wako kanisani. Tulimzika watu wachache. Kwenye matanga, Pierre, Fortunat na Moïse walisimama mwisho wa ua na barakoa zao za kitenge, wakaimba. Wimbo ule ulihitaji sauti nne za chini. Kila ulipofika mahali pa Melchior, ulipungua, na Léocadie aliziba masikio kwa viganja vyake. Kulia hakulia. Nilikaa naye kwenye mkeka mpaka watu wakatawanyika, namsugua mgongo, na macho yake yalikuwa makavu. Mwanamke aliyefiwa asipolia, mimi huwa na wasiwasi naye.

Aliporudi kazini, kitu cha kwanza alichokifanya ni kwenda kwenye meza ya Jovithe. Akakunja mkono wa koti lake jeupe.

"Nichome," alisema.

Jovithe aliinuka. "Mama, pole sana. Lakini uko peke yako."

"Najua niko peke yangu. Nitangojea."

Akakaa kwenye benchi. Tangu siku hiyo, kila akimaliza zamu ya asubuhi, alikaa pale, mkono umekunjwa, mpaka Jovithe anafunga. Nilimwona kutoka kwenye mashine yangu, mgongo wake umenyooka, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Akina mama wakija na watoto, aliwaambia, "Mi nilikosea. Kujeni, tukuwe watano." Wakainamisha macho, wakapita. Mmoja alimjibu kwa adabu kabisa, "Muganga, we mwenyewe ulisema." Na mwingine, nje ya lango, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mjane anatafuta wenzake wa kufa nao. Huyo nilimrushia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na gauni lake nililokuwa nimeanza kulishona nilimrudishia kitambaa.

Walioniudhi zaidi ni wa ndani ya kituo. Maxime na wenzake, wale wale waliosema Mama Nella akichanjwa na wao watachanjwa, sasa walisema kufiwa kumemharibu kichwa, si wa kufuatwa. Alipokuwa na hofu walimwona ana akili. Alipoiacha hofu wakamwona kichaa. Maxime akimwona benchini anaingia maabara na kufunga mlango.

Na mimi? Nilikuwa na hofu kama wengine, na mtu mwenye hofu hakosi nguo ya kushona. Nilijiambia kwamba hata nikienda tutakuwa wawili tu, na kwa wawili sanduku halifunguliwi.

Habari zikaifikia kwaya. Asubuhi moja nikaona mashati ya Jumapili yanaingia langoni, na haikuwa Jumapili. Pierre alitangulia, Fortunat na Moïse nyuma yake. Baada ya kukosa mara ya kwanza walikuwa wamekata tamaa. Pierre alidhani Mungu amewazuia. Sasa walimsalimia Léocadie kwa kumshika mabega mmoja mmoja, wakakaa karibu naye. Nilisimamisha mashine ili nisikie.

Jovithe akainua kichwa, akawahesabu kwa kidole kama alivyozoea, na yakamtoka maneno aliyozoea.

"Muko wane. Tunakosa mumoja."

Jovithe akajiziba mdomo kwa mkono. Pierre akatazama kati yake na ukuta, mahali palipobaki wazi kwenye benchi. Nami nilipatazama kutoka ng'ambo ya barabara, na najua Léocadie alipatazama, kwa sababu aliinuka ghafla akatoka nje mbio, hata kandambili moja ikambaki uani.

Alisimama katikati ya barabara. "Mumoja!" aliita. "Jamani, natafuta mutu mumoja tu!"

Wenye nyanya walitazama nyanya zao. Mwenye baiskeli ya abiria alimkwepa akapiga kengele. Alimshika mwanamume mmoja mkono wa shati, akamwambia, "Baba, nakuomba, ni kidogo tu, mi nitakuchoma mwenyewe, hautasikia," na yule mtu akajichomoa taratibu kama mtu anayejinasua kwenye mwiba. Akamfuata mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, mtoto ambaye yeye mwenyewe alimchanja surua. Yule mama aliongeza mwendo. Léocadie akapiga magoti vumbini. Muganga wa Jabe, mbele ya lango la kazi yake, mguu mmoja hauna kiatu, amekunja mkono wa koti, anawaomba wapita njia kama mtu anayeomba chakula.

"Mumoja tu," alisema, na sauti ilikuwa imekwisha.

Nitasema kama ilivyokuwa. Sikupata imani mpya pale. Nilikuwa naogopa bado. Lakini kuna vitu macho yakishaviona, mguu hauwezi tena kukaa kwenye kanyagio. Nilichomoa kidole kwenye kikofia cha kushonea, nikavuka barabara.

"Simama, Mama Nella," nilimwambia. "Unachafua koti nililokushonea mi."

Alinitazama kana kwamba hanijui. Nilimwinua, nikampangusa magoti, nikamwokotea kandambili yake, tukaingia. Pierre akajisogeza. Nilikaa kati yake na ukuta, juu ya mbao alizozipiga randa Melchior, na nilihisi aibu, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

Jovithe akafungua sanduku. Alipotaka kuanza, Fortunat akasema, "Siye tunataka mukono wa Mama Nella." Léocadie akautazama mkono wake, akaufungua, akaufumba. Akanawa. Akawachoma wale wazee mmoja baada ya mwingine, haraka, bila neno. Akafika kwangu. Nilikuwa nimekaza bega lote.

"Angalia kuku ule," aliniambia kwa sauti ndogo.

Mimi, mtu mzima mwenye mvi, niligeuka kumtafuta.

"Imeisha."

Kisha akakaa yeye, na Jovithe akachukua bomba la sindano la mwisho. Léocadie alifumba macho kwa nguvu, akanishika goti, kucha zikaniingia kwenye kitambaa. Jovithe alimchoma, akaweka pamba.

"Tayari, Mama."

Léocadie alifumbua macho. Akautazama mkono wake, akaitazama pamba. "Imeisha?"

"Imeisha."

"Ni hii tu?"

Jovithe akaitikia kwa kichwa.

"Ni hii tu?" alirudia, sasa ananitazama mimi, na machozi ambayo hakuyatoa kwenye matanga yakaanza kumtoka yote kwa pamoja. "Mama Tajudini, ni hii tu Baba Nella alikuwa ananiomba?"

Nilimkumbatia. Alilia kwa sauti mpaka akina mama wa uani wakanyamaza, watoto wao wakamkodolea macho muganga asiyewaliza, na Maxime akafungua mlango wa maabara, akasimama pale. Jovithe aliifunika chupa tupu, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na zile ambazo bado hazijafunguliwa.